Akaunti ipi inamfaa mwenye mpango wa kulipa deni? Tathmini kutoka Unguja na Pemba

Mtu aliyekwisha kukaa na mdai wake, wakakubaliana atalipa kiasi gani kila mwezi na mpaka lini, anabakiwa na suala moja ambalo halimo katika karatasi aliyotia saini, nalo ni wapi zitakaa fedha zake za kila siku. Mimi nina duka la vitambaa Darajani, na mdogo wangu ana boti ya uvuvi wa dagaa Micheweni. Sote wawili tulichukua mikopo ya biashara, sote marejesho yakatuelemea, na sote sasa tumo katika mipango mipya ya kulipa kidogo kidogo kwa muda mrefu zaidi. Haya ninayoyaandika ni tathmini ya akaunti tulizozitafuta, tulizozifungua na baadhi tulizoziacha, nikiamini kwamba wapo wengi Unguja na Pemba walio katika hali hii na hawana wa kumuuliza, kwa sababu habari za deni watu hawazizungumzi barazani.

Hukumu yangu naitanguliza ili asiye na muda aichukue aende nayo. Akaunti inayomfaa mwenye mpango wa kulipa deni ni akaunti ya akiba ya kawaida, isiyo na mkopo wala ruhusa ya kutoa zaidi ya salio, yenye makato madogo, na iliyofunguliwa katika benki ambayo haimdai hata shilingi moja. Uzuri wa programu ya simu, wingi wa mashine za ATM na ukarimu wa wahudumu ni sifa njema, lakini zote zinakuja nyuma ya sharti hilo la mwisho. Kwa ajili hiyo pia sitaitaja benki niliyoichagua mwenyewe, kwa kuwa inayonifaa mimi huenda ndiyo inayokudai wewe, na jina lake lingekupoteza njia.

Sababu ya sharti hilo ni kwamba benki ina haki, inayotambulika katika sheria za kibenki na kuandikwa kwa kawaida katika mkataba wa mkopo, ya kuchukua fedha zilizomo katika akaunti ya mteja na kuzielekeza kwenye deni lake lililopita muda. Haihitaji kumuomba ruhusa siku hiyo, kwa sababu ruhusa aliitoa siku aliyotia saini. Kifungu hicho aghalabu kimejificha katika kurasa za mwisho, pamoja na mambo ya bima na dhamana, na ningemuomba kila mwenye mkopo autoe mkataba wake kabatini akisome kabla ya kuamua lolote kuhusu akaunti. Wengi hudhani kwamba makubaliano mapya ya marejesho yanaifuta haki hiyo. Hayaifuti, isipokuwa yawe yameandika waziwazi kwamba yanaifuta.

Katika benki inayonidai, afisa mikopo alikubali kwa maandishi kulipunguza rejesho langu la mwezi, na nakala ya barua ninayo. Hata hivyo mfumo wa kompyuta uliendelea kukata kiwango cha zamani, kwa sababu barua ilikuwa bado inapita mikononi mwa watu na haijaingizwa mahali pake. Mteja wangu mmoja aliingiza malipo ya vitambaa vya sare za harusi wakati wa jioni, na kulipokucha sehemu kubwa ya fedha zile ilikuwa imeshakwenda kwenye deni, ilhali ndani yake mlikuwamo haki ya mwenye mzigo aliyenipa majora kwa kuniamini. Nilirejeshewa baada ya kuandika na kufuatilia, lakini mwenye mzigo hakuwa na sababu ya kuisubiri benki yangu. Watumishi wa tawi lile walinihudumia kwa heshima tangu mwanzo hadi mwisho, na simlaumu hata mmoja wao. Ila mfumo hauyajui makubaliano, unachokijua ni salio na tarehe.

Tangu hapo akaunti ile nimeiacha iwe ya deni peke yake. Siku moja au mbili kabla ya tarehe ya rejesho ninapeleka kiasi tulichokubaliana, hakipungui wala hakizidi, na fedha nyengine zote za duka na za nyumba zinakaa kwengine. Nilimwarifu afisa mikopo kwamba ninafanya hivyo na kwa nini, naye hakuona ubaya, maana rejesho linafika kwa wakati kuliko zamani. Waswahili tunasema dawa ya deni ni kulipa, na mwenye kuzitenga fedha za chakula na za mtaji ndiye mwenye uwezo wa kulipa mwezi huu na mwezi ujao pia.

Kwa mwenye mshahara mambo ni mazito zaidi, na hapa nataka nieleweke vizuri. Mikopo ya wafanyakazi kwa kawaida huambatana na barua ya mwajiri inayoahidi kwamba mshahara utaendelea kupitia benki iliyokopesha mpaka deni liishe. Mtu aliyesaini ahadi hiyo hawezi kuhamisha mshahara wake kimyakimya, na akijaribu anaweza kuhesabiwa kuwa amevunja mkataba wote, jambo litakaloufanya mkopo mzima udaiwe kwa mara moja. Linalowezekana, na rafiki yangu ambaye ni mwalimu wa skuli amelipata, ni kuomba ndani ya makubaliano mapya kwamba benki ikate kiasi kilichopangwa tu, kisha salio lote lihamishwe siku hiyohiyo kwenda akaunti nyengine kwa agizo la malipo la kudumu. Ombi hilo lifanywe wakati wa kuupanga mpango, kwa sababu baada ya saini nguvu ya mdaiwa inapungua sana.

Kufungua akaunti mpya ni kazi nyepesi kuliko watu wanavyoihofia. Wengi huamini kwamba mwenye deni ameandikwa katika orodha na kwamba kila benki itamfungia mlango. Ni kweli kwamba taarifa za mikopo hupelekwa kwenye taasisi zenye leseni ya Benki Kuu ya Tanzania, kama Creditinfo, na kwamba mkopeshaji huziangalia kabla ya kutoa mkopo. Lakini anayefungua akaunti ya akiba hakopi kitu. Nilipokwenda na kitambulisho changu cha Mzanzibari Mkaazi, picha na barua ya Sheha, kijana wa kaunta aliniuliza, “Mama, una mkopo benki nyengine?” Nikamjibu, “Ninao, mwanangu, na nina mpango wa kuulipa, barua yake hii hapa.” Akaitazama, akanirudishia kwa mikono miwili, akasema, “Hiyo haizuii, mama, maana hapa huombi kukopeshwa.” Ningemshauri kila mtu aseme ukweli namna hiyo. Benki itakuja kuujua ukweli huo siku yoyote, na barua ya mpango ni ushahidi kwamba mtu anakabiliana na deni lake.

Hapo hapo kaunta ndipo pa kuuliza kuhusu makato, na ni lazima kuuliza kwa ukamilifu, kwa sababu mwenye mpango wa deni anahesabu kila elfu. Kuna ada ya mwezi ya kuendesha akaunti, ambayo baadhi ya akaunti nyepesi hazina kabisa. Kuna kiwango cha chini ambacho hakiruhusiwi kutolewa, na hicho kinaumiza kuliko kinavyoonekana, kwani ni fedha yako uliyokatazwa kuigusa wakati unaihitaji. Kuna ada ya kadi, ada ya kutoa fedha, ada ya ujumbe mfupi wa simu na ada ya kuchapishiwa taarifa ya akaunti. Akaunti niliyoichagua haina ada ya mwezi, lakini hukata kila ujumbe inaonitumia. Nimekubali kukatwa huko, kwa sababu mtu aliyewahi kuamka akakuta fedha hazipo anahitaji kuarifiwa papo hapo kila zinapoingia na kila zinapotoka.

Sifa niliyoithamini baada ya hapo ni urahisi wa kuhamisha fedha kwenda benki nyengine, kwa kuwa rejesho linaishi kwa mdai na fedha zangu zinaishi huku. Mfumo wa malipo ya papo kwa papo wa Benki Kuu, unaoitwa TIPS, umeunganisha benki na mitandao ya simu, na kupitia huo ninatuma rejesho nikiwa dukani. Kabla ya kuamua niliuliza uhamisho mmoja unagharimu kiasi gani, na tofauti kati ya benki na benki haikuwa ndogo. Ada hiyo italipwa kila mwezi kwa muda wote wa mpango, na nimeiingiza katika hesabu ya deni lenyewe. Umeme wa TUKUZA na maji ya ZAWA ninalipia kwa simu hiyohiyo, na safari za foleni zimenipungukia.

Watu wengi wa hapa wataniuliza kuhusu akaunti za Kiislamu, na wana haki ya kuuliza, kwani wapo waliojiepusha na benki miaka mingi kwa ajili ya riba. Siku hizi milango ipo. Benki ya Watu wa Zanzibar, PBZ, iliyoanzishwa mwaka 1966, ilianza huduma za Kiislamu mwaka 2011. Mwaka huohuo Amana Bank ilianza kazi ikiwa ya kwanza Tanzania kufuata Sharia katika shughuli zake zote. NBC inayo huduma hiyo, na CRDB imeileta kwa jina la Al Barakah. Kwa mwenye mpango wa kulipa deni, aina inayofaa ni wadia, ambayo benki inazishika fedha kama amana na kuahidi kuzirejesha kamili bila ya kuahidi faida. Mudharaba ni ushirika wa mtaji, faida ikigawanywa kwa uwiano uliokubaliwa na hasara ya mtaji ikiwa juu ya mwenye fedha. Mtu anayehesabu unga na mafuta ya kupikia hana nafasi ya kuibeba hasara hiyo, na kwa hivyo akaunti ya mudharaba nimeiacha mpaka deni liishe.

Kuna jambo moja ninaloliona likiwapoteza watu wema, nalo ni kudhani kwamba dirisha la Kiislamu, yaani kitengo cha huduma za Kiislamu ndani ya benki ya kawaida, ni benki nyengine. Mtu anadaiwa upande wa kawaida, anakwenda kufungua akaunti ya wadia katika dirisha la Kiislamu la benki ileile, anaamini kwamba fedha zake zimetengana na deni. Hesabu zinatunzwa mbalimbali ili mali zisichanganyike, lakini mwenye leseni ni mmoja na mdai ni mmoja. Anayetaka utengano wa kweli aende kwenye benki nyengine kabisa, iwe ya Kiislamu au ya kawaida, na anayetaka kubaki aulize kwa maandishi kama akaunti ile inaweza kukatwa kwa deni la upande wa pili.

Deni lenyewe likiwa ni la murabaha, mdaiwa ana nafuu ambayo wengi hawaijui. Katika murabaha benki hununua bidhaa na kumuuzia mteja kwa bei iliyotajwa, na bei hiyo haiongezwi kwa sababu ya kuchelewa wala kwa kuongezewa muda. Tozo ya kuchelewa, pale inapokuwapo, kwa misingi ya benki hizi hupelekwa kwenye sadaka na haiingii katika mapato. Sura ya Al-Baqara, Aya ya 280, inamtaka mdai amngojee mdaiwa mwenye dhiki mpaka apate wepesi, na Aya ya 282 inaamrisha deni la muda liandikwe. Aya hizo mbili nimezibeba moyoni kila nilipoingia afisi ya mikopo, ya kwanza ikinipa ujasiri wa kuomba muda, ya pili ikinikumbusha nisitoke bila ya karatasi.

Mkoba wa simu ni msaada mkubwa kwa matumizi madogo, na tangu enzi za Ezypesa ya Zantel watu wa visiwani wameuzoea. Lakini kwa mtu wetu una hatari yake. Huduma za kukopa na za kujaziwa salio pungufu, kama Songesha ya M-Pesa, hukata deni lao mara tu fedha zinapoingia katika laini ileile, na aliyekuwa na mazoea ya kuzitumia atakuta fedha zilizotumwa kwa ada ya skuli zimepungua kabla hajazishika. Mdogo wangu alizilipa zote kwanza, zikiwa ndogo, kisha akaanza kuitumia laini yake kupokea malipo ya wateja. Alifanya vyema kuzitanguliza, na mtu yeyote anayeupanga mpango wa deni aziingize katika orodha mikopo hii ya simu hata kama ni ya shilingi chache.

Vikundi vya kuweka na kukopa, vilivyoenea visiwani kupitia jumuiya kama PESACA kwa Pemba na JOCDO kwa Unguja, navipenda kwa nidhamu yake, sanduku lenye kufuli tatu na funguo kwa watu tofauti. Havichukui nafasi ya akaunti, kwa sababu hisa hukaa mpaka siku ya kugawana mwisho wa mzunguko, na rejesho la benki halisubiri mzunguko. Anayebaki katika kikundi apunguze hisa, na asikope humo kwa kulipia benki.

Kwa upande wa Pemba, kinachoamua ni umbali. Mtu wa Micheweni au Konde anayehitaji tawi hujikuta akifunga safari ya Wete au Chake Chake, na nauli pamoja na siku iliyopotea ni makato ambayo hayamo katika jedwali la benki yoyote. Kwa hiyo mdogo wangu hakuanza kwa kuulizia tawi. Aliulizia kwanza ni benki gani zenye wakala mwenye salio la kutosha karibu na diko, pale boti zinapoteremsha samaki, akazungumza na mawakala wenyewe, ndipo akachagua. Wakala anapokea fedha za asubuhi boti zinaporudi, na mwenye boti hatembei nazo mfukoni mpaka jioni, wakati ambao mahitaji ya watu wa nyumbani na ya jamaa huwa yameshazimaliza. Wenye mikarafuu wanaosubiri msimu na malipo ya ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu, wana shida ya namna nyengine, kwani kwao fedha huja kwa mkupuo, na akaunti ya kuzihifadhi miezi kadhaa bila ya ada ya kila mwezi inawafaa zaidi.

Ndugu zetu walioko Uingereza wanatuambia kwamba huko, chini ya kanuni za mwaka 2015, benki kubwa zinalazimika kutoa akaunti ya msingi isiyo na ada na isiyo na ruhusa ya kutoa zaidi ya salio, hata kwa mtu aliye katika mpango wa kulipa madeni. Natamani tungekuwa na lazima ya aina hiyo hapa, ili mwenye deni asitegemee bahati ya kumkuta kijana muungwana kaunta. Tulizonazo ni Kanuni za Kumlinda Mtumiaji wa Huduma za Fedha za mwaka 2019, na Benki Kuu inapokea malalamiko ya mteja ambaye kwanza ameyapeleka kwa benki yake kwa maandishi na hakuridhika na jawabu. Vilevile amana za mteja katika kila benki zimekingwa na Bodi ya Bima ya Amana hadi shilingi 7,500,000, kiwango kilichopandishwa mwaka 2023 kutoka 1,500,000, na kwa watu wa salio letu kinga hiyo inatosha. Mwenye wasiwasi wa kuhamia benki ndogo asiyoizoea auweke upande wasiwasi wa fedha kupotea, aangalie makato na mawakala.

Faida ya mwisho ya akaunti iliyotengwa sikuitarajia nilipoifungua. Mdai anapoupitia upya mpango huomba taarifa ya akaunti, na taarifa ya akaunti ambayo kila kinachoingia kinakatwa siku ileile haisomeki; haionyeshi biashara inakwendaje. Taarifa ya mdogo wangu ya miezi ya karibuni imeonyesha wazi kwamba fedha zake huingia katika usiku wa giza, wakati dagaa wanapovuliwa kwa taa, na hupungua sana mwezi unapong'aa, ilhali tarehe ya rejesho ilikuwa ikimwangukia mara nyingi wakati wa mbalamwezi. Aliipeleka kwa mdai wake Chake Chake pamoja na barua ya kuomba rejesho lifuate mwandamo wa mwezi. Wamemkubalia tarehe, kiasi kimebaki kilekile.